Mimi wa Ukurasa wa Mwisho

Fomu ya ridhaa huandikwa na watu wengi ili isomwe na mtu mmoja ambaye bado hawamjui. Watafiti huirasimu, kamati ya maadili huirudisha na maswali, wafasiri huigeuza Kiswahili na wengine huigeuza tena Kiingereza ili kuhakikisha maana haikupotea njiani, kisha hugongwa mhuri na kuandikwa tarehe ya mwisho wa matumizi. Baada ya hapo hufika kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto, au kwenye mkeka barazani kwa mtu, na karani wa utafiti huanza kusoma. Kwa kawaida hujadiliwa kama suala la sheria. Hapa nataka kuisoma kama utanzu: nani anasema, anamwambia nani, kwa njeo gani, na mistari mingapi ya saini imechorwa chini kabisa. Nafanya hivyo kwa sababu naamini jinsia na umri wa mshiriki havionekani sana katika yale ambayo fomu inayatangaza. Vinaonekana katika umbo lake, pale nafsi inapobadilika, pale sentensi inapoanza na "iwapo", na pale karatasi inapokosa nafasi ya mtu kuandika hapana.

Tuanze na vielelezo ambavyo Shirika la Afya Duniani limeviweka wazi kwa watafiti, kwa kuwa fomu nyingi zinazozunguka vituoni zina sura hiyo hiyo. Kielelezo cha jaribio la kitabibu kina sehemu mbili, karatasi ya maelezo na hati ya ridhaa. Karatasi ya maelezo huanza na mtafiti akijitambulisha: mimi ni fulani, natoka taasisi fulani, tunafanya utafiti kuhusu malaria, ugonjwa ulioenea sana nchini humu. Malaria ndiyo mfano walioutumia wenyewe. Aliyeandika alikuwa anatufikiria sisi. Sentensi moja tu, na yule mimi amekwisha kuwa sisi, na anayesikiliza ni wewe. Wewe huyo huambiwa kuwa si lazima uamue leo, kwamba waweza kuzungumza na mtu yeyote unayejisikia huru naye, na kwamba ukikutana na neno usilolielewa umsimamishe msemaji akueleze. Ni sauti ya mgeni mwenye adabu aliyebisha hodi akasubiri kukaribishwa.

Kwenye hati ya ridhaa mambo yanageuka. Mimi anarudi, lakini si yule wa mwanzo. Sasa mimi ni mshiriki: nimesoma maelezo yaliyotangulia, au nimesomewa, nimepata nafasi ya kuuliza, maswali niliyouliza yamejibiwa nikaridhika, nakubali kwa hiari yangu. Nafsi ya kwanza imehama kutoka kwa mtafiti hadi kwa mgonjwa, na hakuna aliyemtangazia. Na maneno anayoyasema mgonjwa yamekwisha kuchapwa kabla hajafungua kinywa, na aliyeyatunga ni yule aliyekuwa mimi ukurasa wa kwanza. Mtunzi wa riwaya hufanya hivi kila siku, humpa mhusika maneno, lakini hamwombi mhusika atie saini. Mshiriki alisema maswali yake yamejibiwa. Yalikuwa maswali gani? Hati haina pa kuyaandika. Ina mstari wa jina, wa saini na wa tarehe.

Ule "au" wa "nimesoma au nimesomewa" unabeba mzigo mkubwa kuliko udogo wake. Katika nchi zetu wasiojua kusoma ni wanawake zaidi ya wanaume, na wazee zaidi ya vijana, kwa hiyo bibi wa miaka sabini hukaa upande mmoja wa neno hilo na mjukuu wake wa chuo upande wa pili, na hati huwachukulia kuwa wamefanya jambo moja. Anayesomewa husikia fomu kwa sauti ya karani: mwendo wake, pale anapopaharakisha, pale anapotabasamu. Kwake ridhaa ni tukio la masikio. Mwishoni huwekewa kidau cha wino achapishe dole gumba, na kielelezo humtaka shahidi anayejua kusoma, ikiwezekana aliyechaguliwa na mshiriki mwenyewe na asiye na uhusiano na timu ya utafiti. Katika karatasi sharti hilo ni zuri. Mbele ya wodi ya wanawake, asubuhi ya siku ya kazi, mtu wa namna hiyo ni nani? Muuguzi ni wa hospitali. Shemeji aliyemsindikiza anajua kusoma, lakini utafiti wenyewe unahusu virusi vya UKIMWI, au njia za uzazi wa mpango, na shemeji ndiye mtu wa mwisho anayepaswa kujua. Kwa bibi mzee shahidi huwa kijana wake, ambaye ndiye aliyemleta, ndiye anayelipia dawa, na ndiye aliyekwisha kuitikia kwa kichwa kabla karani hajamaliza ukurasa wa pili. Kinga iliyowekwa kwa ajili ya asiyesoma humweka chini ya jicho la mwenye kauli juu yake.

Niseme jambo dogo kuhusu damu. Fomu nyingi hupima damu itakayotolewa kwa vijiko vya chai: kijiko kimoja, yaani mililita 5. Nia ni njema, kumfanya mama aone kuwa ni kidogo, na kipimo chenyewe kinakisia kwamba anayesoma ni mtu wa jikoni. Lakini huku pwani, ambako hadithi za mumiani wanyonya damu zimezungumzwa vizazi na vizazi, kuitia damu kwenye kijiko cha chai ni kuipa sura ya kinywaji.

Kiswahili hakina yeye wa kike na yeye wa kiume, kwa hiyo fomu yaweza kwenda kurasa tatu ikimwita msomaji mshiriki bila kuonyesha kama ni mwanamume au mwanamke. Jinsia huingia ghafla, na huingia kwa sharti. Iwapo wewe ni mwanamke unayeweza kupata mimba, utapimwa mkojo kabla ya kuanza. Utatumia njia ya kuzuia mimba muda wote wa utafiti. Iwapo utapata mimba, utatuarifu mara moja. Hadi aya hiyo fomu ilikuwa ikiomba, hapa inaagiza. Vitenzi vilivyokuwa vya hiari, unaweza na una haki, vinakuwa vya wakati ujao usio na shaka: utapimwa, utatumia, utatuarifu. Mwanamume, kama ana aya yake, mara nyingi ni ya sentensi moja kuhusu kondomu.

Aya hiyo ina historia. Baada ya maafa ya thalidomaidi, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa mwongozo mwaka 1977 uliowaondoa wanawake wenye uwezo wa kuzaa katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa. Mwongozo huo uliondolewa mwaka 1993, mwaka ambao Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kutaka wanawake wajumuishwe katika utafiti unaolipiwa na taasisi za taifa za afya. Kwa miaka 16 hiyo mwanamke ambaye hajaolewa, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, hata yule ambaye mumewe amefunga uzazi, alihesabika kama mjamzito wa kesho. Hakuulizwa akakataa. Hakuulizwa. Na katika uhakiki wa ridhaa hilo ni jambo la kushika: vigezo vya kushiriki, vile vinavyoorodhesha umri na hali ya uzazi, hutangulia ridhaa yote. Anayeondolewa hapo hana hati ya kutia saini wala ya kuichana.

Wasemaji wa Kiswahili wa Kongo walilipata hilo mlangoni mwao. Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini mwezi Agosti 2018, chanjo iliyopelekwa Beni na Butembo ilikuwa haijaidhinishwa bado, kwa hiyo ilitolewa chini ya itifaki ya utafiti na kila aliyechanjwa alitakiwa kuridhia. Wajawazito na wanaonyonyesha hawakuruhusiwa, pamoja na watoto wachanga. Ebola humuua mjamzito kwa urahisi wa kutisha na karibu kamwe haimwachi mtoto aliye tumboni, na wanaowauguza wagonjwa nyumbani kwa kawaida ni wanawake. Mwezi Februari 2019 wataalamu wanaolishauri Shirika la Afya Duniani kuhusu chanjo walipendekeza waruhusiwe. Katika miezi iliyotangulia, mwanamke wa Beni aliyekuwa na mimba na mgonjwa ndani ya nyumba moja alilindwa dhidi ya sindano, na uamuzi wa kumlinda haukuwa na mstari wa jina lake.

Kuna pia fomu zenye mstari mmoja zaidi. Kanuni za serikali ya Marekani kuhusu utafiti kwa wajawazito, ambazo hufuata fedha za serikali hiyo hadi huku kwetu, husema hivi: kama faida inayotarajiwa ni ya mama, au ya mama na mtoto aliye tumboni, ridhaa ya mama inatosha. Kama faida ni ya mtoto aliye tumboni peke yake, baba naye aridhie, isipokuwa hapatikani, hana uwezo wa kuamua, au mimba ilitokana na kubakwa au na maharimu. Lakini sindano inayomlenga mtoto huyo hupita mwilini mwa mtu mmoja tu. Miongozo ya mwaka 2016 ya CIOMS, baraza la kimataifa la mashirika ya sayansi za tiba, iko wazi zaidi: kwa ushiriki wa mwanamke ridhaa inayotakiwa ni yake mwenyewe, na kamwe ruhusa ya mtu mwingine isichukue mahali pake. Azimio la Helsinki, tangu Chama cha Madaktari Duniani kilipolipitisha mwaka 1964, limefanyiwa marekebisho mara nyingi. Toleo la 2013 linakiri kuwa huenda ikafaa kushauriana na familia au viongozi wa jamii, kisha linafunga mlango: mwenye uwezo wa kuamua asiandikishwe bila kukubali mwenyewe kwa hiari.

Nakubaliana na maandiko hayo, na bado nayaona yanamzungumzia mtu anayekaa peke yake mezani na kalamu. Rudi kwenye sentensi ile ya upole, waweza kuzungumza na mtu yeyote unayejisikia huru naye. Mume huingia kwenye fomu kupitia sentensi hiyo, bila jina na bila mstari. Kwa mwanamke wa nyumba ya ukoo huko Kilifi, mtu yeyote ni mume aliye kazini Mombasa, mama mkwe aliye jikoni, na shangazi anayepita jioni. Akisema ngoja nimuulize baba watoto, karani anasikia nini? Yaweza kuwa heshima ya kweli. Yaweza kuwa hofu. Na mara nyingi, kila aliyekulia kwetu anajua, ni namna ya kukataa bila kumvunjia mgeni uso.

Kilifi ndiko swali hili lilikoshughulikiwa kwa undani. Programu ya utafiti ya KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na mfuko wa Wellcome wa Uingereza ipo pale tangu mwaka 1989, na watafiti wake wa masuala ya jamii, Sassy Molyneux, Vicki Marsh, Dorcas Kamuya na wenzao, wameandika kwa miaka mingi kuhusu jinsi watu wanavyoelewa wanachoombwa. Kamuya na wenzake walipochapisha mwaka 2015 kuhusu watu wanaokubali kwa mdomo kisha wakakwepa, waliipa makala yao kichwa kilichotokana na methali tunayoijua: akufukuzaye hakwambii toka. Waliyaita matendo hayo kukataa kimyakimya. Mama yupo kila siku, lakini siku ya kutoa damu amekwenda shamba. Mtoto amelala. Mtoto amepelekwa kwa bibi. Wafanyakazi wa utafiti hukaa na mashaka: waendelee kurudi, na hapo waonekane wanasumbua, au waache, na hapo pengine wamemnyima mtoto huduma? Makala hiyo haimlaumu mama. Inaonyesha kwamba katika jamii ambamo mtafiti huja na gari, dawa na adabu, na ambamo mke hawezi kumfungia mgeni mlango kabla mwenye nyumba hajasema, hapana ya waziwazi ni bidhaa ya gharama.

Hati ya mtu mzima inachangia kuipandisha gharama hiyo. Itazame tena. Nakubali kwa hiari yangu, jina, saini, tarehe. Hakuna kisanduku cha sikubali. Anayekataa haachi alama yoyote kwenye karatasi. Hurudishwa kwenye foleni na fomu yake hubaki tupu. Umbo hili linajua kuandika jibu moja tu. Kwa mwenye mazoea ya kusema hapana mbele ya wakubwa, hilo si neno. Kwa msichana wa miaka kumi na tisa, aliyefundishwa tangu utotoni kwamba kujibu ndiyo ndiyo adabu, karatasi inazungumza lugha ile ile ya nyumbani kwao.

Matokeo yake yalionekana vizuri kwenye jaribio la VOICE, lililofanyika Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe kati ya mwaka 2009 na 2012. Wanawake 5,029 waliandikishwa kujaribu vidonge vya kila siku au jeli ya ukeni ya kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Wote walikuwa na umri wa kutia saini wenyewe. Walipoulizwa, na vidonge vilivyorudishwa vilipohesabiwa, ilionekana wanatumia dawa kwa kiasi cha asilimia 90. Damu ilipopimwa, dawa ilipatikana katika chini ya theluthi ya sampuli, na waliotumia kidogo kuliko wote walikuwa wasichana chini ya miaka 25 ambao hawajaolewa. Jaribio jingine, FEM-PrEP, ambalo Bondo huko magharibi mwa Kenya ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, lilisimamishwa mwaka 2011 na hadithi yake ilifanana. Wengi walilisoma hilo kama udanganyifu wa washiriki, au kama tatizo la ufuasi wa dawa. Mimi nalisoma kama methali ya Kilifi ikiwa imeandikwa kwa lugha ya maabara. Walihudhuria miadi, walipokea chupa, walizirudisha zikiwa na idadi sahihi. Sehemu moja tu ya makubaliano, ile ya kumeza, waliirudisha kwenye himaya yao, kwa sababu ya mpenzi asiyejua, ya uvumi kuhusu vidonge, ya kuogopa kuonekana na dawa za wagonjwa. Kujitoa wazi kungewapotezea vipimo na matibabu waliyokuwa wakiyapata kliniki. Saini zao zilikuwa halali kwa kila kanuni ninayoijua.

Sasa chukua kielelezo cha Shirika la Afya Duniani cha mtoto. Ni maandishi bora kuliko ya mtu mzima, na nalisema hilo kama mhakiki. Vichwa vyake ni maswali ya mtoto mwenyewe: mbona mnaniuliza mimi? Ni lazima nifanye hivi? Je, ni hatari kwangu? Itauma? Watu wote watajua? Mimi yupo tangu katikati ya maandishi, anadai, ana wasiwasi. Baada ya kila kipande mtafiti hutakiwa kuweka herufi za jina lake kuthibitisha kuwa amehakikisha mtoto ameelewa, kwa hiyo mzigo wa kuelewa unakaa mabegani mwa anayeeleza. Na mwishoni kuna kitu ambacho hati ya watu wazima haina: mstari wa kusema sitaki kushiriki na sijatia saini hapa chini, na mtoto huweka herufi za jina lake hapo. Yule ambaye sheria inasema hawezi kuamua peke yake ndiye pekee aliyepewa karatasi ya kuandikia hapana.

Mantiki yake si ya ulinganifu. Ili mtoto aingie, mzazi akubali na mtoto akubali. Ili asiingie, mmoja akikataa inatosha, hata kama mzazi amekwisha kutia saini. Ni sentensi nzuri. Nguvu yake hutegemea nani anashika mkono wa mtoto inaposomwa. Kijana wa kiume wa miaka kumi na nne anayekunja uso mbele ya sindano huambiwa kuwa mwanamume. Dada yake wa umri huo anayenyamaza huandikwa kuwa amekubali. Na kuna aya ya mimba. Msichana wa miaka kumi na sita ambaye mama yake ametia saini atapimwa mkojo. Jibu likiwa ndiyo, ni la nani? Fomu ya mzazi lazima iseme kama mzazi ataambiwa, na fomu ya msichana lazima iseme jambo lile lile, na hapo fomu mbili zilizoandikwa kama marafiki zinakuwa na masilahi tofauti. Kaka yake hatasoma aya hiyo kamwe.

Sheria zetu hazimsaidii sana mwandishi wa fomu kujua msichana huyu ana umri gani. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na mvulana akiwa na 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 2016 na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Mwaka huo huo Bunge likashusha umri wa kujiamulia kipimo cha virusi vya UKIMWI kutoka miaka 18 hadi 15. Kenya, katika sheria yake ya UKIMWI ya mwaka 2006, humruhusu mtoto kukubali kipimo mwenyewe ikiwa ana mimba, ameolewa au ameoa, ni mzazi, au ana mwenendo unaomweka katika hatari ya kuambukizwa. Hali ya kwanza katika orodha hiyo yaweza kumpata msichana tu. Hapo umri haupimwi kwa miaka peke yake. Mwili wa kike ukishika mimba huhesabiwa umekua. Kisha msichana huyo huyo akijifungua, humleta mwanawe kwenye utafiti, na fomu ya mtoto humtaka atie saini kama mzazi, ilhali fomu ya utafiti unaomhusu yeye humtafuta mama yake atie saini kwa niaba yake.

Nimekuwa nikisema kana kwamba saini hutangulia tendo. Kuna utafiti uliovunja hata njeo hiyo. FEAST, jaribio lililoongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, lilitaka kujua kama watoto wanaofikishwa hoi kwa homa kali wapewe maji ya mishipa kwa haraka. Mtoto wa namna hiyo hangojei kurasa nne zisomwe. Kamati za maadili ziliruhusu hatua mbili: pale ambapo hapakuwa na muda, mzazi aliombwa kukubali kwa mdomo baada ya maelezo mafupi, na ridhaa ya maandishi ikafuata hali ilipotulia. Jaribio lilisimamishwa Januari 2011 likiwa na watoto 3,141 katika kundi kuu. Waliopewa maji kwa haraka walikufa zaidi katika saa 48: zaidi ya asilimia 10, dhidi ya 7.3 kwa wasiopewa, na jibu hilo liliwashangaza wengi duniani. Sioni namna nyingine utafiti huo ungefanyika, na naona walivyokuwa waangalifu. Lakini soma hati ile kwa macho ya mama aliyesimama kando ya kitanda. Inamwambia si lazima uamue leo, na jambo lenyewe limekwisha kutendeka jana. Na anayeisaini karibu kila mara ni mama, kwa kuwa ndiye aliyembeba mtoto hadi pale, huku nyumbani swali la kwanza likiwa nani alikuruhusu.

Umbo la mwisho ni lile lisilo na karatasi kabisa. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba, vikiwemo Kilifi, Kombewa na Siaya kwa Kenya, Bagamoyo na Korogwe kwa Tanzania. Huko wazazi walitia saini au dole gumba. Matokeo yalipochambuliwa upya kwa jinsia, ilionekana kuwa wasichana waliochanjwa walikufa, kwa sababu zote za vifo, karibu mara mbili ya wasichana wa kundi la kulinganisha. Kwa wavulana tofauti hiyo haikuonekana. Huenda ilikuwa bahati mbaya ya takwimu. Kulijua hilo lilikuwa moja ya malengo ya utoaji wa majaribio ulioanza mwaka 2019 Malawi, Ghana na Kenya, ambako ulizinduliwa Homa Bay mwezi Septemba. Maeneo yaligawanywa kwa bahati nasibu, mengine yakapata chanjo mwanzo na mengine yakasubiri. Februari 2020 Peter Doshi aliandika katika jarida la BMJ kwamba wazazi hawakuombwa ridhaa ya utafiti. Shirika la Afya Duniani lilijibu kuwa chanjo ilikuwa imeingizwa katika ratiba ya kawaida ya nchi, na kwamba ridhaa ilichukuliwa kuwa imetolewa kwa mtoto kuletwa kliniki.

Jibu hilo lina ukweli wake. Hakuna mama anayetia saini kwa surua au pepopunda. Anakuja na kijitabu cha kliniki, mtoto anachomwa, tarehe inaandikwa. Lakini ukilisoma kama maandishi, hapa mimi wa mshiriki ametoweka, na mahali pake umewekwa mgongo wa mama na khanga iliyombeba mtoto. Kufika kwake ndiyo saini yake. Mwezi Oktoba 2021 chanjo ilipopendekezwa rasmi, takwimu za nchi hizo tatu hazikuonyesha hatari ile kwa wasichana, na nafurahi kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hata hivyo, kila asubuhi katika kliniki za Homa Bay na Siaya muuguzi husimama mbele ya mabenchi akaeleza chanjo za siku hiyo, na kwa miaka miwili sentensi moja ya ziada ingewezekana hapo: kwamba bado inachunguzwa kama chanjo hii ni salama kwa wasichana sawasawa na kwa wavulana. Mwenye mtoto wa kike angeisikia kwa sikio jingine, na pengine angeomba kwenda kuulizia nyumbani kwanza.